UZI: Katuni ya mwaka 1963 iliyowafundisha watu kuchora kidogo na kuonekana wamechora sana

#1 Penseli ya Tandika

Wakuu, habari za jioni.

Huku kwetu umeme umekatika tangu saa nane mchana, laptopu imebaki na chaji ya kuhesabu, kwa hiyo kazi nimeweka pembeni nichape uzi kwa simu. Ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Kwa wasionijua, mimi nachora katuni fupi za matangazo. Mwezi uliopita mteja mmoja alitaka katuni ya dakika moja: mama anakaanga vitumbua, anaongea na mteja wake, wanacheka, bidhaa inatokea, basi. Hela aliyoweka mezani ingetosha sekunde kumi. Nikafanya wanavyofanya wenye hela ndogo. Mama nikamchora mara moja tu, kinachocheza ni mdomo na mkono wenye kijiti cha kugeuzia. Moshi nikauchora mara nne, nikawa nauzungusha. Mtaa wa nyuma ni picha moja ndefu inayosogea. Jamaa kaangalia, kaniuliza: "Mbona huyu mama kaganda? Umenipunja." Lile neno lilinikaa kooni siku mbili nzima.

Siku ya tatu nikanunua bando, nikarudia kuangalia sehemu za mwanzo za Tetsuwan Atomu, ile ambayo Wamarekani waliiita Astro Boy. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kila nilichoambiwa ni upunjaji kimo humo, tena kilirushwa hewani Fuji TV tarehe 1 Januari 1963.

Twende taratibu. Atomu ni roboti mtoto. Dokta Tenma amefiwa na mwanawe, Tobio, kwa ajali ya gari. Anaunda roboti mwenye sura ya marehemu, kisha anagundua roboti haongezeki kimo, anamkasirikia, anamuuza sarakasi. Baadaye Profesa Ochanomizu anamwokoa. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kipindi cha watoto, wakuu! Mwenye wazo ni Osamu Tezuka, ambaye alikuwa anamchora Atomu kwenye manga tangu miaka ya 1950 mwanzoni (manga hizi ni vitabu vya katuni vya Wajapani, siyo wale Wamanga wa majahazi).

Sasa Tezuka na studio yake ya Mushi Production wakajitia kitanzi: kipindi cha nusu saa, kila wiki. Japani hakuna aliyekuwa amefanya hivyo. Toei, studio nyingine ya Japani, walikuwa wanatoa filamu ndefu nzuri za rangi, lakini filamu moja ilikuwa inakula jeshi la wachoraji na miezi na miezi.

Hesabu yenyewe ni hii. Filamu inapita fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Disney wa enzi hizo alichora michoro 12 mpaka 24 kwa kila sekunde. Kipindi cha dakika 25 kina fremu 36,000. Mushi wakaamua kila mchoro upigwe fremu tatu, yaani michoro minane kwa sekunde. Bado ni 12,000 kwa wiki, na watu hawapo. Kwa hiyo wakashusha tena, wakawa wanalenga michoro 2,000 hivi kwa kipindi kizima. Gawa mwenyewe uone kila sekunde inabaki na nini.

Hapa ndipo utamu ulipo. Mwangalie Atomu anavyopaa. Mwili wake ni mchoro mmoja: ngumi mbele, miguu imegeuka moto. Hakunji hata kidole. Kinachotembea ni anga, picha ndefu ya mawingu inayovutwa nyuma yake kidogo kidogo, huku kamera inapiga fremu moja moja. Wewe uliyekaa sebuleni unaapa kwamba mtoto anapaa. Akiongea, uso mzima umetulia, mdomo tu ndio unabadilishwa, umechorwa kwenye plastiki angavu inayowekwa juu ya uso: umefungwa, nusu, wazi. Akishangaa, hachorwi kushangaa. Uso umeganda, kamera inausogelea, muziki unapanda, na wewe ndiye unayeshangaa kwa niaba yake. Na wakishamchora akipaa vizuri mara moja, michoro ile haitupwi. Inawekwa akiba. Wiki ijayo anapaa tena kwa michoro ileile, mawingu mengine. Wajapani mpaka leo wanaita hiyo akiba "benki".

Kuna jambo huwa halisemwi sana: sauti. Matsuo Ohno ndiye aliyetengeneza sauti za kipindi kile, kwa mikanda na vyombo vya umeme, badala ya kugonga vyombo vya jikoni kama walivyozoea wengine. Hatua za Atomu zina mlio wake wa ajabu, wa kudundadunda. Mlio ule unafanya kazi ambayo michoro haikufanya. Mguu umechorwa mara chache, sikio linajazia. (Nikakumbuka mama yangu wa vitumbua. Sikuweka hata sauti ya mafuta yakichemka. Kumbe mteja alikuwa na haki kidogo.)

Sasa hoja yangu, kisha niwaachie. Mnapoangalia anime (katuni za Kijapani) leo, zile jicho kwa jicho sekunde kumi, upepo unapeperusha nywele na mtu hatikisiki, ule ukelele wa kukusanya nguvu, msichana anayebadilika vazi kwa michoro ileile kila wiki, mnadhani ni mtindo. Nasema ulianza kuwa ukata. Watu wakauzoea mpaka siku hela zilipokuja hawakuuacha.

Karibuni.

#2 Siti ya Mbele

Nimewahi. Karanga ninazo. Endelea mkuu.

#3 Mzee wa Ukweli

Mleta uzi, umeandika vizuri ila unawapa Wajapani sifa ya watu. The Flintstones ilianza Septemba 30, 1960 kule Marekani, miaka miwili na ushee kabla ya huyo roboti wako. Hanna na Barbera, watengenezaji wake, walikuwa wameshaanza kubana michoro tangu miaka ya 1950, baada ya studio iliyokuwa inatengeneza Tom and Jerry kufunga idara yake ya katuni. Unajua kwa nini Yogi Bear, dubu asiye na shati, anavaa kola na tai? Ili kichwa kikatwe hapo shingoni, kicheze peke yake, mwili ubaki palepale. Kola inaficha kiungio. Fred Flintstone naye tai. Hiyo siyo benki, hiyo ni ufundi cherehani!

Na ushawishi wao uko wazi. Katuni ya familia, saa za usiku, watu wazima wanaangalia. Flintstones ilikaa misimu sita, na mpaka 1997 ndipo The Simpsons walipoipita kwa wingi wa vipindi vya usiku. Bila Fred hakuna Homer.

#4 Penseli ya Tandika

Mzee, hapo kwenye kola umenimaliza, naichukua kesho asubuhi. Mama wa vitumbua atavaa shanga kubwa shingoni.

Ila tusichanganye. Wote wawili walibana michoro, sikatai, na TV za Japani zilikuwa zinaonyesha katuni za Marekani, kwa hiyo Mushi hawakuwa gizani. Tofauti ni walichoweka mahali pa michoro iliyopungua. Hanna-Barbera waliweka maneno. Zima sauti ya Flintstones uone: watu wawili wamesimama sebuleni wanafungua na kufunga midomo. Ni mchezo wa redio wenye picha, na kwa vichekesho inatosha kabisa.

Mushi waliweka kamera. Tezuka alikuwa ametoka kwenye manga, na kwenye manga picha zote zimeganda tangu mwanzo, sasa unamfanyaje msomaji aone mwendo? Unakata. Jicho, ngumi, jicho la adui, kimya, ukurasa unafunguka. Ujuzi ule aliuhamishia kwenye TV. Zima sauti ya Atomu: bado unajua nani anamuogopa nani. Ndiyo maana Flintstones wamezaa vichekesho vya familia na Atomu kazaa vita, mapenzi, mpira, mahakama, mpaka mapishi.

#5 Bi Kazija

Mnapita hapo kwa Tezuka halafu mnanyamazia yule simba wake? Ngojeni nicheke kwanza.

Mwaka 1965 Mushi haohao walitoa Jungle Taitei, katuni ya kwanza ya Kijapani ya TV iliyokuwa mfululizo wa rangi, hadithi ya simba mweupe huku Afrika. Wajapani walimwita Leo. Wamarekani walipoinunua wakataka jina la Kiafrika, wakaona Simba. Lakini simba ni neno la kila mtu, huwezi kulisajili kama jina la biashara, wakabadilisha herufi ya kwanza. Wakamwita KIMBA.

Wanangu. Kimba. Mfalme wa mwitu. Hakukuwa na Mswahili hata mmoja karibu na ile meza awaambie kimba ni nini na huokotwa wapi asubuhi.

Halafu 1994 Disney nao wakaja na simba wao anayeitwa Simba, ugomvi wa nani kaiba nini haujaisha hadi leo. Mimi kwenye jina nawapa Disney ushindi wa goli nyingi.

#6 Siti ya Mbele

Bi Kazija karanga zimenipalia 😂😂😂

#7 Msomi wa Kijiweni

Tumecheka, turudi kwenye damu sasa. Mleta uzi anasimulia ukata kama kisa cha ushujaa. Kuna upande wa pili.

Tezuka aliuza kipindi kile kwa kituo cha TV kwa bei ya chini kuliko gharama ya kukitengeneza. Aliamua mwenyewe. Pengo aliliziba kwa hela za manga yake, bidhaa zenye picha ya Atomu, na mauzo ya nje. NBC Enterprises wa Marekani walianza kwa kuchukua vipindi 52, baadaye vikafika 104 vilivyoingizwa Kiingereza. Mdhamini alikuwa Meiji Seika, watu wa pipi, na stika za Atomu ndani ya chokoleti zilitembea nchi nzima. Yeye alikuwa na manga. Je, studio ndogo iliyokuja nyuma yake, isiyo na manga wala stika, ikaambiwa "bei ya katuni ni ile ya Tezuka", ingefanya nini? Ingembana mchoraji.

Hayao Miyazaki, mwongozaji wa katuni, alisema hivyo waziwazi 1989, Tezuka alipofariki, wakati wenzake wote wanaandika sifa. Alisema kwenye manga anamheshimu, kwenye katuni alichofanya hakikuwa sawa, na ile bei ya mwanzo iliwatesa waliofuata. Mpaka leo Japani wachoraji wengi hulipwa kwa idadi ya michoro, na kijana anayeanza anapata hela ya kuungaunga. Sasa wewe, ulipomkubalia mteja wako hela ya sekunde kumi kwa kazi ya dakika moja, umemsaidia nani? Kesho atakuja kwangu mimi na bei yako mkononi.

#8 Penseli ya Tandika

Msomi, umepiga palipo na kidonda. Sina la kujitetea kwenye hilo la bei. Nilikuwa na kodi ya chumba inakaribia, basi.

Na kwa Tezuka pia, ukweli ni kwamba hesabu ile ilimgeukia. Alijiondoa uongozi wa Mushi 1971, na 1973 studio ikafilisika. Ila hapo ndipo naomba uendelee kunisoma, kwa sababu ushawishi wa Atomu kwangu mimi uko kwa watu kuliko hata kwenye michoro. Studio ile ilikuwa gereji. Vijana waliingia hawajui, wakatupiwa kipindi kila wiki, wakatoka mafundi.

Osamu Dezaki alipitia kwenye Atomu. 1970 akaongoza Ashita no Joe, hadithi ya bondia, na kile alichofundishwa kwa ajili ya kuokoa hela akakigeuza sala: ngumi inatua, picha inaganda, inageuka mchoro wa rangi nzito kama kadi ya posta, sekunde tatu nne, unasikia pumzi. Siyo kwamba hakuwa na michoro ya kuendelea. Alitaka uitazame. Dezaki huyohuyo, Rintaro, Kawajiri na Masao Maruyama, wote watu wa Mushi, 1972 wakaanzisha studio ya Madhouse. Wanangu wa Death Note na One Punch Man, huko ndiko ukoo wenu ulikotoka. Mwaka huohuo wengine wa Mushi wakaanzisha studio iliyokuja kuitwa Sunrise, na pale Yoshiyuki Tomino, aliyeandika na kuongoza vipindi vya Atomu akiwa kijana, akatoa Gundam, katuni ya maroboti ya vita, 1979. Hata Kyoto Animation, wale wanaosifiwa kwa michoro laini kupita wote, mwanzilishi wao Yoko Hatta alikuwa mpakaji rangi wa Mushi. Alipoolewa akahamia Kyoto, akakusanya akina mama wa jirani, wakaanza na kazi ya kupaka rangi.

Na duara likafungwa 2023: Pluto ya Netflix, vipindi vinane, imetoka kwenye manga ya Naoki Urasawa ambayo nayo ilitoka kwenye kisa kimoja cha Atomu. Studio iliyoitengeneza ni M2. Mwenye M2? Maruyama. Mzee yuleyule.

#9 Goku wa Mbagala

Mimi nimesoma yote, nina swali la mtu wa kawaida. Kibanda umiza cha kwetu tulikuwa tunalipa tunaangalia Dragon Ball Z kwenye DVD moja yenye vipindi hamsini, picha imefifia kama chai ya kurudiwa. Adui mmoja, Frieza, akasema sayari inalipuka baada ya dakika tano. Wakuu, zile dakika tano tuliangalia Jumamosi mbili! Jamaa mwenye kibanda akawa anapiga hela tu. Kumbe wote tulikuwa tunalipia benki ya huyo Tezuka?

#10 Msomi wa Kijiweni

Goku, Dragon Ball ni ya Toei, ukoo tofauti na Mushi, na ile kuvuta muda ilikuwa pia kwa sababu kipindi kilikuwa kinakimbizana na manga ambayo bado ilikuwa inaandikwa. Lakini hujakosea sana. Atomu ilipoanza Januari 1963, kufika mwisho wa mwaka washindani walishajaa hewani: Tetsujin 28 mwezi wa kumi, Eightman na Ken wa mbwa mwitu mwezi wa kumi na moja. Huyo Ken ni wa Toei. Yaani wale wa filamu nzuri za rangi nao walilazimika kuingia kwenye mchezo wa kila wiki, kwa sheria ambazo Mushi walishaziweka. Kamehameha yako (lile pigo la Dragon Ball) inayorudiwa na Naruto anayekumbuka bembea kwa mara ya mia, mzizi ni mmoja.

#11 Sauti ya Pwani

Salaam kutoka Mombasa. Mie nashughulika na kuingiza sauti za Kiswahili kwenye vipindi vya watoto, naomba niongeze jambo ambalo sijaona limetajwa.

Ile midomo mitatu ya Atomu ndiyo rafiki yetu. Katuni za Marekani zenye michoro mingi, mdomo unafuata kila herufi. Mtu akisema neno lenye F unaona meno yanagusa mdomo wa chini. Ukiweka Kiswahili juu yake, sauti inakwenda kaskazini, mdomo kusini. Kijapani hakina shida hiyo, na siyo kwa sababu ya midomo michache peke yake. Kina irabu tano kama sisi, a, e, i, o, u, na silabi zao karibu zote zinaishia kwa irabu kama zetu. Sema "A-to-mu". Sasa sema "ki-ta-bu". Fungua, funga, fungua, funga. Ukihesabu silabi vizuri, roboti wa Kijapani anaongea Kiswahili kama kazaliwa Kisauni.

Hata huku nyumbani njia ni ileile. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa BBC tangu 2010, wanyama wake wamekatwa vipande vipande kwenye kompyuta, mguu huku, kichwa kule, wanachezeshwa kama vikaragosi, na zile rangi za michoro ya Tingatinga ndizo zinazobeba jicho. Ubongo Kids ya kwenu Dar, iliyoanza TBC1 mwaka 2014, nayo utaona nyimbo zinabeba mzigo mkubwa. Hakuna mtoto aliyelalamika kwamba Kibena, mmoja wa wahusika wake, hakunji kidole.

Kwa hiyo ndugu yangu Penseli, usimpe mama wa vitumbua michoro zaidi. Mpe maneno yenye silabi zinazolingana na midomo uliyo nayo. Umemwandikia aseme nini?

#12 Penseli ya Tandika

Shukrani sana, dada. (Au kaka, samahani.) Anasema "Karibu mteja, vya moto hivi". Nimehesabu kwa vidole hapa gizani: ka-ri-bu-m-te-ja, vya-mo-to-hi-vi. Kumi na moja. Mimi nilimchorea midomo saba, ndiyo maana anaonekana kama ana kitumbua mdomoni.

#13 Bi Kazija

Huo ndio ukweli wa muuza vitumbua, mwache hivyohivyo.

#14 Mzee wa Ukweli

Na shanga usisahau. Kola ni kola.

#15 Penseli ya Tandika

Umeme umerudi. Nimeweka shanga, midomo kumi na moja, na sauti ya mafuta nimeirekodi kwa jirani anayekaanga mihogo, amedai hela ya soda. Moshi umebaki minne uleule. Mteja namtumia kesho saa tatu, pamoja na bei mpya ya kazi ijayo, Msomi usiniangalie hivyo.